Gari Linalobaki

Siku dada aliponiuliza swali lile nilikuwa chini ya Landrova yangu, nimelala chali mchangani, nakaza boliti za springi ya nyuma. Niliona kwanza miguu yake, halafu upindo wa kanga, halafu akachuchumaa nikauona uso.

"Kaka, toka huko," akasema. "Nina neno, na siwezi kuliambia buti lako."

Hakuwa dada wa tumbo moja nami. Tulikuwa wa ukoo mmoja kwa upande wa mama, na kwetu Newala hiyo inatosha. Kaka yake wa kuzaliwa alikufa mapema, wana wa dada wakiwa wadogo, wazee wa ukoo wakanikabidhi mimi nafasi yake. Watoto wale wawili wa kiume wakaniita njomba, ndivyo tunavyomwita mjomba, na njomba kwetu si mtu wa kuleta zawadi siku ya sikukuu tu. Ndiye anayempeleka mtoto jandoni, ndiye anayesimama kwenye posa, na mpwa wake hasafiri safari ya maana bila neno lake. Baba anaweza kusema ndiyo, mama anaweza kusema ndiyo, na bado kijana akakaa mlangoni na begi lake akimngoja njomba.

Kwa hiyo nilipotoka chini ya gari nikijipangusa mchanga nilijua ni neno la mtoto. Na mtoto alikuwa amebaki mmoja.

Yule mkubwa alifia ng'ambo ya Ruvuma. Siku zile jeshi letu lilikuwa limevuka kuwasaidia majirani, na mimi nilikuwa dereva wa gari la deraya, lile la zamani la magurudumu manane. Yeye alikuwa askari wa miguu. Bahati, au sijui niiite nini, ikamweka kwenye gari langu. Mbele ya wenzake aliniita afande, lakini tukiwa wawili tu, mimi namimina mafuta na yeye kashika faneli, alikuwa akininong'oneza, "Njomba, leo ndevu umenyoa upande mmoja."

Watu wakisikia gari la deraya hudhani ni kifaru. Si kifaru. Ni lori lililovikwa chuma, na chuma chenyewe si cha kujivunia. Risasi ya bunduki ya kawaida inagonga na kuruka. Ya bombomu kubwa, ile bunduki ya kumwaga risasi nzito, inaingia upande huu na kutokea ule. Ndani ni joto la tanuri, watu wamekaa magoti yanagusana, na anayeona nje ni dereva na kamanda, tena kwa kijidirisha cha kupenyezea jicho. Juu kuna rashasha ya kutishia zaidi kuliko ya kupigania. Kazi ya gari lile ni kufikisha watu karibu na moto, kuwashusha, kisha kurudi nyuma. Na kushuka kwenyewe kunaanza kwa kupanda: unafungua kifuniko cha juu, unatoa kiwiliwili kizima hewani, kila mwenye bunduki anakuona, ndipo unaruka chini.

Asubuhi ile niliwafikisha pembeni mwa shamba la mihogo lililokimbiwa na wenyewe. Wakapanda, wakaruka. Nilimwona akikimbia ameinama, mkono mmoja umeshikilia kofia ya chuma kama mtu anayekimbia mvua. Nikageuza gari, nikalificha nyuma ya mwinuko kama nilivyofundishwa, injini ikiunguruma. Nilisikia kila kitu kutokea pale. Tulipoitwa kuwachukua, yeye hakuwa miongoni mwa waliorudi kwa miguu yao.

Nilifanya nilichoamriwa. Gari lile lingebaki pale lingetobolewa, na waliosalia wasingekuwa na cha kuwarudisha. Hayo nayajua kama ninavyojua jina la mama yangu. Hakuna aliyenilaumu, si jeshini, si nyumbani. Dada mwenyewe nilipomletea habari alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akaniambia, "Afadhali alikuwa na njomba wake." Neno hilo limenikaa rohoni kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa, na dereva hutukanwa sana. Hakuwa na njomba wake. Njomba wake alikuwa nyuma ya mwinuko.

Nilipostaafu nchi ilikuwa imefunguliwa. Wenye elimu waliita soko huria; sisi tuliita ruksa. Korosho zilizozoea mnunuzi mmoja zikapata wanunuzi wa kila sura, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na tabia zake. Mitumba ikamwagwa sokoni Masasi kama mavuno. Mtu mwenye gari bovu akawa bwana mkubwa. Nikapata Landrova iliyokwisha kuchoka, nikawa nabeba abiria, magunia ya korosho na mapipa ya maji kati ya Masasi na Newala. Maji huku juu ni shida tunayozaliwa nayo. Mvua ikikatika na tangi la kukingia bati likikauka, mwanamke anateremka mpaka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, nusu ya siku imekwisha. Dada hakuteremka. Pipa lake nililileta mimi, kila wiki, bila yeye kuomba.

Naye hakukubali niondoke mikono mitupu. Alinichemshia ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo wageni huicheka mpaka waionje, akaifunga kwenye jani la mgomba na kunipitishia dirishani. Nasema dirishani kwa sababu sikuwahi kuingia kwake nikala. "Shuka, kaka, ule kama mtu," alikuwa akisema. Nami nilijibu abiria wananingoja, hata siku ambazo huko nyuma kulikuwa na mapipa matupu tu. Tangu nirudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma sikuwahi kuzima injini mbele ya nyumba ile. Nilishusha maji, nikageuza.

Sasa alikaa juu ya tairi kuukuu uani kwangu, akanipa habari. Kijana wake mdogo, aliyemaliza shule Lukuledi na kukaa nyumbani msimu mzima wa korosho, ameitwa jeshini. Ataripoti Masasi, lori litawachukua pale. Ameambiwa na wenzake kwamba askari wa miguu siku hizi hawapandishwi tena yale makopo ya zamani, kuna magari mapya.

"Sikuulizi kama aende," dada akasema. "Bado sijafika huko. Nakuuliza wewe uliyeendesha. Hayo mapya yakoje? Yakiwa sawa na lile lenu, mwanangu haendi popote. Nitamfungia ndani na ndevu zake."

Na kweli nilikuwa nimeendesha. Kabla sijastaafu nilipelekwa kozi nje ya nchi, na huko tulifundishwa gari la deraya la kizazi kipya, lile ambalo halibebi tu watu bali linapigana nao. Kama kikosi cha kijana kingekuwa nalo sikujua, na nilimwambia hivyo. Akasema hata kama ni bado, anataka kulijua. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuulizwa.

Nilimpeleka nyuma ya Landrova, nikafungua mlango. "Lile letu walitokea juu," nikamwambia. "Hili wanatokea hapa, nyuma. Milango miwili. Chuma chote kimebaki mbele yao, adui hawaoni mpaka wameshakanyaga ardhi." Nikagonga bodi kwa kiganja. "Chuma cha mbele ni kinene zaidi. Halitumii matairi, lina minyororo kama kifaru, hata mchanga wetu huu lingepita kama lami. Na juu kuna mzinga. Si bunduki ya kutishia ndege shambani. Mzinga mdogo unaozunguka, una mtu wake na darubini yake."

Alisikiliza, mdomo ameukaza. Halafu akauliza lile alilojia.

"Wakishashuka?"

"Wakishashuka linakwenda nao. Wao wanakimbia, lenyewe linapiga mbele yao. Lile letu lilikuwa kama gari la kupeleka watu msibani, dereva anabaki barabarani. Hili linaingia mpaka uani."

"Halirudi nyuma?"

"Halirudi. Linabaki nao."

"Linabaki," akasema taratibu. Akarudia tena, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa Landrova. Uso ulimlegea, nikaona nimempa kitu alichokuwa akikitafuta miaka yote hiyo, nami nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Akasema kesho jioni nije nimmwagie kijana unga.

Hiyo ni desturi yetu, ya watu wa kanisani na wa msikitini vilevile. Dada alikuwa mtu wa kanisani, mimi ni Mwislamu. Padri alijua, shehe alijua, na wote wawili walikuwa na wajomba zao. Mtu akiwa na safari ya kutisha, njomba huchukua unga wa mtama, huumimina kidogo kidogo chini ya mti wa ukoo, huku akiwaeleza waliotangulia ni nani anakwenda, wapi, na nini kinambeba. Unga hujengeka kama kichuguu kidogo chenye ncha. Unafunikwa chungu mpaka alfajiri. Ukikutwa umesimama, wamekubali. Ukikutwa umeporomoka, safari imekufa, na hakuna wa kubishana nao.

Siku iliyofuata nilipakia abiria Masasi, tukapanda kurudi Newala. Kwenye zile kona za kupandia, gari linalia gia ya kwanza, nikaanza kuyapima maneno yangu ya jana. Sikuwa nimemdanganya dada. Kila nililosema lilikuwa kweli. Ila nililisifia gari linalobaki kwa sababu mimi sikubaki. Aibu yangu ndiyo iliyokuwa ikisema, na ilisema vizuri sana.

Sikumwambia kwamba linalobaki ndilo linalopigwa. Kopo letu adui aliliacha lijiendee, akawangoja watu. Hili lenye mzinga ndilo analolitafuta kwanza, na anapolipata, waliomo wamo. Sikumwambia kwamba limebana kuliko letu, linachukua watu wachache zaidi, na risasi za mzinga zimepangwa humohumo walimokaa. Na milango ile ya nyuma niliyomfungulia kwa mbwembwe, sikumwambia ndani yake kuna nini. Kuna mafuta. Milango yenyewe ni matangi. Aliyelibuni gari lile alikosa mahali pa kuweka mafuta, akayaweka kwenye mlango wa kutokea.

Nilikuwa namshusha mpwa wa pili, na safari hii hata gari sikuwa nimewasha.

Nilitaka kwenda moja kwa moja kwa dada nimwambie. Kila nilipopanga maneno niliuona uso wake ulivyolegea, nikafyata ulimi. Tulipofika juu nilikuwa nimepata njia nyingine, nami nilijiona mjanja. Nitawaambia wao, waliotangulia. Chini ya mti nitasema yote, mabaya hasa, na yule mkubwa aliyeyaona kwa macho yake atamkatalia mdogo wake. Unga utaporomoka. Dada atalia, kijana ataninunia mpaka mavuno, na atakuwa hai.

Jioni tulikuwa watatu: mimi, dada, na kijana aliyevaa shati lake la shule lililopigwa pasi. "Shikamoo, njomba," akasema, na sauti ilikuwa ya kaka yake mtupu. Niliitika marahaba nikiangalia chini. Nikavua viatu, nikachota unga, nikaanza kumimina kupitia vidole. Niliwaita wakubwa wa ukoo mmoja mmoja, kisha nikamwita mpwa wangu mkubwa kwa jina lake la jandoni, jina nililompa mimi. Nikaendelea kumimina.

"Wewe unalijua lile letu," nikamwambia. "Ulipanda juu, ukaruka, mimi nikageuza. Nilikuwa nyuma ya mwinuko nikikusikia. Sasa mdogo wako anaitwa, na pengine atapanda lingine. Hilo lina mlango nyuma, hataruka kama ulivyoruka. Lina mzinga. Halirudi nyuma kama nilivyorudi. Lakini mafuta yake yako mlangoni. Wewe walikuona uliposhuka. Yeye watamtafuta kabla hajashuka. Likipigwa, dereva na aliowabeba wanakwenda pamoja. Lile letu lilikuacha peke yako. Hili halitamwacha peke yake, na hilo ndilo jema lake na ndilo baya lake. Nimeendesha yote mawili na sijui lipi afadhali. Jana nilimwambia mama yako jema tu. Kama hutaki aende, angusha unga huu."

Dada alikuwa nyuma yangu. Nilisikia kanga yake ikisogea, basi. Nikafunika chungu. Kijana akanisogelea na kuniuliza polepole kama ni kweli mafuta yako mlangoni. Nikamwambia kweli. Akaniokotea viatu vyangu.

Alfajiri nilirudi. Njia nzima niliomba, kwa Kiarabu na kwa Kimakonde, unga ule ukutwe umelala. Dada alikuwa ameshafika mtini, akinisubiri. Akainua chungu mwenyewe.

Ulikuwa umesimama. Ncha yake ilikuwa ileile niliyoiacha, hata sisimizi hawakuwa wameugusa, na mahali pale wadudu hao hawana adabu.

Nilianza kusema kwamba hakukuwa na upepo, kwamba mtama wa mwaka huu una unga mzito. Dada alinitazama nikaishia njiani.

"Unga hauangushwi na safari mbaya tu, kaka," akasema. "Unaanguka pia njomba akiwaficha jambo. Umesahau? Bibi alikuwa akituambia hapahapa. Ungekuja na maneno yale uliyoniambia uani kwako, tungeukuta chini. Lakini umewaambia yote."

Nilikaa palepale kwenye majani yenye umande. Nilikuwa nimesahau. Kitu pekee ambacho kingemzuia kijana ni kumficha marehemu kaka yake lile la mafuta, kama nilivyomficha mama yake, na mimi nilikuwa nimechagua jioni ile kuwa mkweli. Nimewahi kufanya mambo ya kijinga katika gari na nje ya gari, lakini sijawahi kujichukia kama asubuhi ile.

"Mkatalie wewe," nikamwambia dada. "Wewe ndiye mama."

"Baada ya wao kukubali?" Alijifuta unga uliomshika vidoleni. "Nililisikia la mafuta. Sikupata usingizi. Na lile kwamba halitamwacha peke yake, nalo nililisikia."

Siku ya kuripoti nilimpeleka mimi. Alikaa mbele, begi magotini, na nyuma kulikuwa na wachuuzi wa mitumba waliokwenda kuchukua mizigo. Aliniuliza kama jeshini wanakula ming'oko, nikamwambia ataiota ndotoni. Masasi, chini ya yale majabali, lori la jeshi lilikuwa limeegeshwa kiwanjani na vijana wanapangwa mistari. Nikasimama kando ya barabara. Kabla hajashuka, abiria wa kurudi Newala walikuwa wameshaniparamia na matenga yao.

Akazunguka upande wa dirisha langu. "Haya, njomba," akasema. "Geuza tu. Watu wanakungoja."

Mguu ulikuwa tayari kwenye klachi, umezoea wenyewe. Nikautoa. Nikazima injini.

Kwanza abiria waliguna, halafu wakaanza kupiga bodi. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya aliuliza kama dereva amefia humo ndani. Nikashuka, nikasimama kando ya mlango mahali ambapo kijana angeniona. Nilijua haimsaidii yeyote, mtu mzima kusimama juani na funguo mkononi. Aliyebaki kwenye shamba la mihogo hangerudi kwa ajili hiyo. Lakini sikuondoka. Majina yaliitwa, wakapandishwa mmoja mmoja nyuma ya lori la turubai, kwa kuparamia, na alipofika juu aligeuka, akashtuka kuniona bado nipo, kisha akainua mkono. Nilisimama mpaka lori likatokomea na vumbi lake likatua juu ya nyanya za yule mama.

Nilifika kwa dada jua likielekea kuzama, na pipa la maji. Alitoka na ming'oko iliyofungwa kwenye jani, akaja dirishani kama kawaida. Injini ilikuwa inaunguruma.

"Ulimshusha?"

"Nilimshusha."

"Ukageuza?"

"Sikugeuza. Nilibaki mpaka wakaondoka."

Alinitazama kidogo, ming'oko mkononi. Hakunipa. Aligeuka nayo, akaingia ndani, akaacha mlango wazi. Nikazima injini, nikashuka.